UZI: Nani amekopa kwa jina lako? Kadi ya mpiga kura, laini ya simu, na faili ya kredi kwa ndugu walio Marekani

MamaNguba (Bukavu)

Jambo yenu wote. Nimefanya kazi kwenye meza ya mikopo ya koopeki moja, yaani ushirika wa akiba na mikopo, hapa mjini, na jambo ninaloleta nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Mama anakuja kuomba mkopo wake wa kwanza. Anauza sambaza, wateja anao, mtaji anao. Tunafungua daftari, tunakuta jina lake limo tayari: ni avalista, yaani mdhamini, wa mtu asiyemjua hata kwa sura, na huyo mtu ameacha kulipa zamani. Sahihi si yake. Lakini fotokopi ya kadi ya mpiga kura ni yake, na picha ni yake.

Fotokopi ilitoka wapi? Hilo ndilo swali ninaloomba kila mtu ajiulize leo. Congo hii kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu cha kila kitu. Unaitoa kusajili laini, kupokea pesa iliyotumwa, kujiandikisha kwa msaada, kuingia ofisini ambako mlinzi anaibakiza mlangoni mpaka utoke. Karibu kila mahali wanataka nakala. Pale byurotike, duka la fotokopi, mashine ikitoa nakala yenye doa, ile mbovu inatupwa kwenye katoni, na kesho yake karatasi hizo zinafungia mandazi sokoni Kadutu. Kuna jina lako pale, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, anwani na namba ya kadi.

Njia ya pili ni vikundi vya mkopo. Watu kumi wanakopa pamoja, kila mmoja anamdhamini mwenzake. Kiongozi anakusanya fotokopi zote, anapeleka. Kundi likivunjika, fotokopi zinabaki kwake. Hakuna anayezidai. Miezi baadaye anaunda kundi jingine, pengine kwa shirika jingine, na watu wawili hawapo kimwili, wapo kwa karatasi tu. Ajenti wa mikopo mwenye haraka hapigi simu, hatembelei nyumba. Mkopo unatoka.

Wenzetu walio Marekani wana kitu cha kutazama: ripoti ya kredi. Mtu anaingia mtandaoni, anaona madeni yote yaliyoandikwa kwa jina lake. Kwetu Banki Kuu ya Congo inayo Centrale des risques, ambamo mabanki na mashirika ya mikopo huandikisha wakopaji wao ili mkopeshaji ajue nani ana deni wapi. Kimeundwa kwa ajili ya mkopeshaji kwanza, si kitu cha kubonyeza kwenye simu yako jioni. Kwa hiyo sisi inabidi tutembee kwa miguu tukaulize. Watu wengi hawajui hata kwamba wana haki ya kuuliza. Wanayo. Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ile ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazoshikwa na shirika, na haki ya kudai zisahihishwe kama ni za uongo.

Ninachoomba tufanye kwenye uzi huu: kila mmoja alete anachokijua. Mimi nitajibu ya mikopo. Wa simu wajibu ya simu. Na walio ng'ambo watusaidie, maana watoto wetu wako kule na karatasi zao zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa.

Kijana_Kadutu

Mama, asante, lakini mimi naona ni hangaiko la wenye mali. Mimi sina akaunti banki, sina parseli (kiwanja), sina chochote. Mwizi atachukua nini kwangu?

MamaNguba (Bukavu)

Mwanangu, huyo mwenye jina safi, asiyewahi kukopa, ndiye anayetafutwa. Jina lenye madeni halipati mkopo. La kwako litapata. Halafu siku utakapotaka dola mia tatu za kufungua duka la vipuri vya pikipiki, utaambiwa umeshakopa. Na kama laini iliyosajiliwa kwa kadi yako imetumika kutapeli watu, wa kwanza kuitwa na OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, ni wewe, kwa sababu jina kwenye kompyuta ni lako. Utatoka, ndiyo, lakini utatoka baada ya siku ngapi, na mama yako atakuwa amelipa nini?

FundiSimu_Birere (Goma)

Jambo. Naongea ya simu kwa sababu ndiyo kazi yangu, nauza yunite (salio la simu) na kufanya mobile money.

Hapa Goma mambo yalizidi tangu Januari 2025 banki zilipofunga milango. Mishahara, biashara, msaada, vyote vikahamia kwenye simu. Mtu ambaye zamani alitumia M-Pesa au Airtel Money kununua yunite tu, leo akiba yake yote imo mle ndani. Lakini namba yake ya siri bado ni mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka huo umeandikwa kwenye kadi ambayo fotokopi yake imezagaa. Mama Nguba ameeleza vizuri, hivi vitu viwili vinakutana.

Mambo ninayoyaona kwa macho yangu. Muuzaji wa laini barabarani anakupiga picha ya kadi, anasema haikukamata, anapiga tena. Ya pili inaweza kuwa imesajili laini nyingine, ataiuza kwa mtu asiyetaka kujulikana. Akikwambia haikukamata, tazama skrini yake kabla ya kumruhusu arudie. Akikataa kukuonyesha, chukua kadi yako uende.

Pili, kuna watu wengi kutoka Masisi na Rutshuru ambao hawakuandikishwa kwa uchaguzi wa 2023 kwa sababu ya vita. Hawana kadi mpya. Wanaomba ndugu au jirani awasajilie laini kwa kadi yake. Ni huruma, na sitamlaumu mtu kumsaidia mkimbizi. Lakini andika namba hiyo mahali, jua nani anaitumia, na siku atakapopata kitambulisho chake mwende pamoja ofisini kuihamisha. Usiwe na laini nne mjini ambazo huwezi kusema ziko mikononi mwa nani.

Tatu, ukiona mtandao umepotea ghafla kwenye simu yako, wakati simu za wenzako pembeni zinashika vizuri, usingoje mpaka kesho. Huenda mtu amekwenda na fotokopi yako kusema amepoteza simu, akapewa laini mpya yenye namba yako. Kimbia kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa muuzaji wa mwavuli, na kitambulisho halisi, waifunge. Kila dakika anajaribu namba ya siri.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Jambo sana toka L'shi. Huku tatizo lina sura nyingine, nayo inaitwa Banki Lambert. Wenzangu walimu wanakopa kwa mtu wa mtaani kabla mshahara haujafika, na dhamana anayoitaka ni kadi yako ya banki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anachukua chake na riba yake, anakurudishia kinachobaki. Mtu anaishi hivyo mwaka mzima. Kwenye karatasi za banki kila kitu kinaonekana ni wewe unatoa. Siku akichukua zaidi, utamshitaki vipi? Wewe ndiye uliyempa namba.

Nauliza: mwalimu ambaye kadi yake iko huko tayari afanye nini?

MamaNguba (Bukavu)

Mwalimu, aende banki kwake, aseme anataka kubadili namba ya siri na kadi, na aombe mwendo wa akaunti wa miezi iliyopita, uliochapishwa na kupigwa mhuri. Deni la Lambert atalilipa mkononi, mbele ya shahidi, kwa karatasi iliyoandikwa kiasi na tarehe. Ninajua mkopeshaji atakasirika. Lakini anachodai ni pesa zake, akaunti ya mwalimu haikuwa sehemu ya mapatano.

Sasa nirudi kwenye ya koopeki, maana wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza mnaingia na kusema nini. Unakwenda na kadi halisi, si kwenye dirisha la kuweka pesa, unaomba kuonana na msimamizi wa mikopo. Unamuuliza maswali mawili: nina mkopo wowote kwenu kwa jina langu, na nimewekwa avalista au mwanachama wa kundi lolote? Akisema hakuna, vizuri, uliza tu kama wanaweza kukuandikia. Akisema upo, usipige kelele. Omba kuona dosye: fomu ya maombi, sahihi, picha, na namba ya simu iliyoandikwa. Mara nyingi namba ya simu ndiyo inayomfichua mtu, kwa sababu mwizi anaweka yake ili wewe usipigiwe. Hapo hapo andika barua ya kupinga, nakala mbili, wakupigie mhuri wa kupokea kwenye ya kwako. Barua isiyo na mhuri wa kupokea ni kama hukuandika. Wakikuzungusha, nenda kwa OPJ ukatoe malalamiko ya sahihi ya kughushi, na peleka nakala ya malalamiko hayo kwa meneja.

Na fotokopi: kabla hujaikabidhi, chukua kalamu ya wino, andika katikati ya nakala, juu ya maandishi yenyewe bila kufunika namba wala sura: «Kwa kusajili laini tu», weka tarehe. Au «Kwa kundi fulani, mkopo wa Machi tu». Nakala hiyo haiwezi tena kutumika kuombea mkopo kwingine bila ajenti kuona. Hakuna aliyewahi kunikatalia kupokea nakala ya namna hiyo. Ukimaliza kulipa, dai barua ya kumaliza deni, na karatasi za parseli kama uliziweka rehani, zirudi mkononi mwako siku ileile. Nimeona wajane wakidaiwa deni ambalo marehemu alilimaliza, kwa sababu nyumbani hakukuwa na karatasi hata moja.

Mkaaji_Himbi (Goma)

Naomba kuongeza kwa waliopoteza vitambulisho. Sisi wa Goma tumekimbia mara nyingi, volkano ya Mei 2021, kisha vita. Mtu akipoteza kadi anasema nitachukua nyingine uchaguzi ukifika, basi. Hapana. Chukua attestation ya kupoteza vitambulisho, yenye tarehe. Ile tarehe ndiyo kinga yako: chochote kilichosainiwa kwa kadi hiyo baada ya siku hiyo, unaonyesha kwamba haikuwa mikononi mwako. Hata wale ambao kadi zao za 2023 wino ulifutika, kadi ipo lakini haisomeki, wasiitupe hivi hivi. Ikate vipande upande wa namba ukishapata nyingine.

Papa_Louisville

Salamu kutoka Kentucky. Mimi ni mwana wa Bagira, Bukavu, niko huku na familia. Nimesoma uzi huu usiku kucha kwa sababu umenigusa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19, alikwenda kupanga nyumba na rafiki zake, akakataliwa. Waliomkatalia walisema ana deni la umeme kwenye mji ambao tuliishi tulipofika. Wakati huo alikuwa na miaka 12. Mtoto wa miaka 12 anawezaje kuwa na deni la umeme? Nani anajua nianzie wapi?

Dada_DesMoines

Papa, shikamoo. Pole sana. Nasaidia familia zinazofika huku Iowa, na kesi ya namna hii tunaiona. Inakuwa hivi: mtu wa nyumbani, au mliyekaa naye mwanzoni, alikuwa na deni lake kampuni ya umeme ikamkatia. Akatumia namba ya Social Security ya mtoto, ile namba ya serikali ya kumtambulisha mtu huku, kufungua upya. Kampuni iliona namba safi, haikuuliza umri. Halafu mkahama, bili ikabaki, ikauzwa kwa wakusanya madeni.

Huku kuna kampuni tatu kubwa zinazoshika faili za kredi: Equifax, Experian na TransUnion. Hazikuulizi kama unataka kuandikwa. Sheria ya 1970 inakupa haki ya kuona wanachoandika, na tangu sheria nyingine ya 2003 unaweza kupata ripoti bure. Siku hizi ni bure kila wiki, kwa kila moja ya hizo tatu. Mahali pa kuombea zote ni tovuti moja tu, AnnualCreditReport.com. Andika jina hilo herufi kwa herufi mwenyewe, usipitie tangazo wala kiungo ulichotumiwa, maana tovuti za kufanana nalo ziko nyingi na zinataka kadi yako ya banki. Kama mtandao unamkataa mwanao, kwa sababu mara nyingi unauliza maswali kuhusu madeni ya zamani ambayo si yake na hawezi kuyajibu, aombe kwa posta, atume nakala za kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Kuangalia ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama zako za kredi hata kidogo. Watu wengi wanaogopa hilo bure.

Mwanao ni mtu mzima sasa, kwa hiyo aombe mwenyewe, zote tatu, kwa sababu deni linaweza kuwa kwenye moja na lisiwe kwenye nyingine. Aanze na ukurasa wa kwanza, ule watu wanaouruka: majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, waajiri. Kisha akaunti na madeni yaliyouzwa. Mwisho, orodha ya waliouliza faili yake. Kampuni ya simu iliyouliza mwaka ambao alikuwa darasa la sita ni ushahidi.

Hapa niseme jambo linalowahusu Wakongo hasa. Wengi wetu tulipoandikwa ukimbizini tulipewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Halafu tuna nom (jina la kwanza la Kiafrika), post-nom (la pili linalofuata) na prénom (la Kikristo au la kizungu), mambo ya tangu wakati wa Mobutu alipofuta majina ya kizungu 1972, na ofisi za huku hazijui lipi ni la ukoo. Mara post-nom inakuwa jina la katikati, mara inakuwa la mwisho. Matokeo yake watu wawili wa mji mmoja, wote Januari 1, majina yanayokaribiana, faili zao zinachanganywa. Kwa hiyo ukiona deni lisilo lako, usikimbilie kusema ni mwizi. Tazama kama anwani na majina ni ya mtu mwingine halisi. Dawa ni tofauti: faili iliyochanganywa unaipinga kwa kuonyesha wewe ni nani; wizi unaufungulia ripoti.

Papa_Louisville

Asante dada. Tumeomba, zimekuja. Si kuchanganywa. Namba ni yake, anwani ni tuliyoishi. Na tunajua ni nani. Ni ndugu yangu wa damu.

Dada_DesMoines

Papa, hapo ndipo pagumu, na sitakuambia ni rahisi. Njia inayosafisha haraka ni mwanao kuingia IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali, Federal Trade Commission, kueleza kilichotokea. Inampa ripoti rasmi. Akiituma kwa kampuni za faili pamoja na kitambulisho na maelezo ya ni deni gani, zinapaswa kulizuia lisionekane ndani ya siku nne za kazi. Kama hana ripoti hiyo anaweza kuweka pingamizi la kawaida, nazo kwa kawaida zina siku 30 za kuchunguza. Amwandikie pia mkusanya deni na kampuni ya umeme yenyewe, aambatishe uthibitisho wa umri wake wakati akaunti ilipofunguliwa. Mtoto hawezi kisheria kusaini mkataba huo, na hiyo peke yake ina nguvu. Atume nakala, asitume karatasi halisi hata moja, na abaki na risiti ya posta.

Ripoti ile inatolewa kwa kiapo, hivyo asiseme hamjui mtu wakati anamjua. Aseme ukweli anaoujua. Familia nyingi kwanza zinakaa na ndugu huyo, alipe, na kampuni iandike kwamba imelipwa. Lakini deni lililolipwa bado linaonekana kwenye faili, likiwa na jina la kijana, na alama hiyo mbaya inaweza kukaa miaka saba tangu bili ilipoacha kulipwa. Ni juu yenu kuchagua, ila muamue mkijua kwamba anayebeba ni mtoto.

MamaNguba (Bukavu)

Papa, kwa heshima zote. Kwetu tunasema tumalize nyumbani, na mimi nimelelewa hivyo. Lakini kumaliza nyumbani maana yake aliyeharibu atengeneze. Kama ndugu yako anaweza kuandika barua akubali kwamba akaunti ilikuwa yake, kampuni ya umeme inaweza kulihamishia kwake. Mkae na wazee, mwambieni hivyo waziwazi. Asipokubali, kijana asinyimwe haki yake ili wewe na ndugu yako muendelee kusalimiana.

SafishaJina_Express

Habari ndugu, msihangaike, sisi tunasafisha kredi ndani ya saa 48, Marekani na Canada, na tunatoa namba mpya ya kredi. Dola 150 tu kabla ya kazi. Tuma jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security inbox.

Dada_DesMoines

Msimtumie huyu kitu chochote. Sheria ya Marekani inakataza kampuni za kusafisha kredi kupokea pesa kabla ya kufanya kazi. «Namba mpya ya kredi» mara nyingi ni namba ya Social Security ya mtoto wa mtu mwingine, na ukiitumia unakuwa wewe ndiye mhalifu. Hakuna anachoweza kufanya ambacho mwenyewe huwezi kufanya bure. Msimamizi, tafadhali mwondoe.

Na niendelee na jambo kubwa zaidi ya yote kwa walio huku, ambalo watu wachache wanalifanya: fungeni faili zenu. Tangu Septemba 21, 2018, kufunga na kufungua faili ya kredi ni bure kwa kila kampuni ya hizo tatu. Ikifungwa, mtu akija kuomba mkopo au kadi kwa jina lako, mkopeshaji hawezi kuiona faili, na wengi watakataa. Kadi ulizo nazo zinaendelea kufanya kazi. Alama zako hazibadiliki. Ukiomba mtandaoni au kwa simu inapaswa kufungwa ndani ya siku moja ya kazi, na unapotaka kukopa wewe mwenyewe unaomba ifunguliwe, inafunguka ndani ya saa moja. Inabidi uombe kwa zote tatu, moja haiambii nyingine. Tahadhari ya udanganyifu, yaani onyo kwenye faili kwamba mkopeshaji akuhakikishe kwanza, ndiyo unayoambia moja nayo inaziambia zingine, inakaa mwaka mmoja, lakini ni dhaifu kuliko kufunga.

Watoto wasio na miaka 16, mzazi anaweza kuwafungia. Kampuni inatengeneza faili ya mtoto na kuifunga hapo hapo. Baada ya mambo yaliyotokea 2017, wakati habari za watu karibu milioni 147 ziliibwa kutoka Equifax yenyewe, mimi sioni sababu ya kumwacha mtoto wazi.

Kijana_Kadutu

Dada, nina swali la kweli. Kaka yangu alipofika Texas alitutumia kwenye kundi la familia picha ya kadi ya Social Security na karatasi ya kuingilia, tukashangilia. Kundi lina watu zaidi ya mia, wengine simjui hata mmoja wao. Ni hatari?

Dada_DesMoines

Ndiyo. Mwambie aifute leo, aombe kila mtu aliyeihifadhi aifute, na afunge faili zake tatu wiki hii. Afungue pia akaunti yake kwenye tovuti ya Social Security kabla mwingine hajaifungua, na aombe IRS, idara ya kodi ya huku, ile PIN ya tarakimu sita ya kulinda tamko la kodi, maana wezi wanapenda kuwahi kutuma kodi ya mtu ili wachukue marejesho. Kadi yenyewe asitembee nayo kwenye pochi. Akae nayo nyumbani.

FundiSimu_Birere (Goma)

Na hilo kundi la watu mia, simu moja tu ikitekwa, picha zote zimekwenda. Nimeona: mtu anapigiwa, anaambiwa taja tarakimu sita ulizopokea, anazitaja, WhatsApp yake inahama. Baada ya dakika chache shangazi wote ng'ambo wanaombwa dola za hospitali. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp muweke uthibitisho wa hatua mbili, namba ya siri yenu wenyewe. Leo. Na mkiombwa pesa na mtu mnayemfahamu, mpigieni msikie sauti kabla ya kutuma.

Papa_Louisville

Narudi na habari. Tulikaa na wazee kwa simu, ndugu yangu akakataa kuandika. Kijana akafanya ripoti mwenyewe, kwa ukweli. Kampuni mbili zimeliondoa deni, ya tatu imeomba barua ya ziada ya anwani. Sasa nataka kuwafungia wadogo wawili. Wa mwisho alizaliwa hapa Kentucky, cheti chake ninacho. Wa katikati, miaka 11, alizaliwa Bukavu. Wanataka cheti cha kuzaliwa kuonyesha kwamba mimi ni baba. Sisi tulichelewa kumwandikisha, zile siku 90 za kuandikisha mtoto zilipita, tukapata jugement supplétif, hukumu inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, kwenye tribunal pour enfants, mahakama ya watoto. Karatasi halisi iko kwa dada yangu Bagira.

Dada_DesMoines

Vizuri Papa, nimefurahi kwa kijana. Hukumu hiyo itumie, itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayeweka sahihi, uweke pamoja na nakala ya kadi ya Social Security ya mtoto, kitambulisho chako na bili yenye anwani yako. Kabla ya kutuma, piga simu kwa kila moja uulize kama wataipokea au wanataka karatasi nyingine pamoja nayo. Unatuma kwa posta, bahasha tatu.

MamaNguba (Bukavu)

Papa, mwambie dada yako asiipeleke byurotike peke yake na kuiacha ikaskaniwe. Mtoto huyo ana jina, tarehe, wazazi wote wawili kwenye karatasi hiyo. Aisimamie mashine mwenyewe, faili itumwe kwako wewe tu, si kwenye kundi, kisha amwombe kijana aifute kwenye kompyuta na kwenye kapu la takataka la kompyuta, mbele ya macho yake. Nakala yoyote iliyoharibika aichukue. Kama hana wa kumsindikiza, niandikie pembeni, nitakwenda naye Jumamosi.